Skuta Iliyoitwa Askofu

Wewe unayesoma, usijifanye haikuhusu. Umewahi kuona mtu akiuziwa kitu kibovu, ukageuza uso. Ukainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nakujua vizuri, kwa sababu jengo letu la Oregina, huku mlimani juu ya mji wa Genova, Italia, lilijaa watu kama wewe, na mimi si mwepesi wa kusahau.

Ghorofa ya tatu aliishi Delfina, msichana wa miaka kumi na miwili, pamoja na baba yake, Ilario, fundi wa kubandika vigae. Kila asubuhi Delfina alichovya kipande cha mkate wa mafuta ya zeituni kwenye kahawa yake ya maziwa, akashuka ngazi mbio na kumkuta baba yake uani akiwasha skuta ili ampeleke shule.

Skuta ile ilikuwa na magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Kwenye kona ililalia upande kama pikipiki yoyote. Lakini ilipofika kwenye taa nyekundu, dereva alibonyeza kitufe kwa kidole gumba, magurudumu ya mbele yakajikaza, nayo ikabaki wima yenyewe bila yeye kushusha mguu. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Siku hizo, raha hiyo ilikuwa imekwisha. Mafuta ya mtambo wa kukaza yalikuwa yanavuja. Ukibonyeza kitufe, skuta ilisimama wima kidogo, kisha ikaanza kuinama taratibu, kwa heshima zote, mpaka ikalala chini. Ndiyo maana majirani waliiita Askofu.

"We Ilario!" Bwana Tullio wa ghorofa ya kwanza alizoea kupaza sauti dirishani. "Askofu ameshatubariki leo?"

"Bado! Anakungoja wewe utubu kwanza!" Ilario alimjibu, na ua mzima ukacheka.

Ilario aliamua kuiuza. Alihitaji kigari cha injini cha kubebea vigae na saruji, maana mgongo wake ulikuwa umechoka kupandisha mizigo kwenye mabasi. Jumamosi moja alifungua bodi ya mbele ya skuta, Delfina akimshikia vifaa, akakata waya mmoja.

"Baba, huo si waya wa kengele? Ile inayolia skuta isipojikaza?"

"Inapiga kelele tu. Itamtia mteja wasiwasi bure."

"Na ikimwangukia?"

"Atashusha miguu, kama watu wote. Mimi imeniangukia?"

"Mara mbili."

"Nipe bisibisi, mwanangu."

Kesho yake akaja mteja. Aliitwa Bi Nerina, mwanamke mfupi mwenye mvi chache, aliyetembea huku mguu wake wa kushoto ukiwa umenyooka kama gogo. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha na kuwapikia, mmoja mlima huu, mwingine mlima ule.

Ilario alimwonyesha skuta pale uani, mahali palipo tambarare. Alibonyeza kitufe. Skuta ikasimama wima.

"Umeona, mama? Kama ukuta!" alisema, na kabla Askofu hajaanza kuinama, akaivuta haraka na kuipandisha kwenye stendi.

Bi Nerina alitabasamu kama mtu aliyetafuta kitu kwa muda mrefu akakipata. "Naichukua," alisema. Ilario akapanda juu kuleta hati.

Madirisha yote yalikuwa wazi. Bi Nerina aliinua macho, akamwona Bwana Tullio ameegemea dirisha lake.

"Bwana, wewe ni jirani. Ni skuta nzuri hii?"

Bwana Tullio alikohoa. "Ilario ni mtu mwema sana," alisema, akafunga dirisha.

Madirisha mengine nayo yakaanza kufungwa, moja baada ya jingine. Watu wote waliojua walijificha nyuma ya mbao za madirisha yao. Uani alibaki msichana mmoja.

"Mguu unauma, Bi Nerina?" Delfina aliuliza, maana hakujua aseme nini.

"Hauumi tena, ila goti halikunji, wala halina nguvu ya kunizuia nisianguke. Niliteleza kwenye ngazi za jengo moja huko Marassi. Kipandio kilikuwa kinacheza. Baadaye nikaambiwa wapangaji wote walikijua, wakawa wanakiruka. Mgeni nilikuwa mimi, na hakuna aliyeniambia." Aligusa usukani. "Ndiyo maana nataka hii isimame yenyewe. Vijana wa pale langoni wameniambia jina lake Askofu. Ni kwa sababu ya ukubwa wake?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Delfina alisikia hatua za baba yake zikishuka ngazi.

"Hapana," alisema. "Ni kwa sababu inainama."

"Delfina!" Ilario alikuwa mlangoni na hati mkononi. "Panda juu!"

Delfina hakupanda. Aliishusha skuta kutoka kwenye stendi, akabonyeza kitufe, akarudi nyuma. Wote watatu walitazama. Skuta ilisimama. Kisha ikaanza kuinama, taratibu, ikielekea kushoto, upande wa ule mguu. Ilario akatupa hati, akaidaka.

"Ingenilalia katikati ya magari," Bi Nerina alisema kwa sauti ndogo. Alimshika Delfina bega. "Asante, mwanangu. Asante sana."

Ilario alilitazama lile goti kana kwamba ndiyo kwanza analiona, akaketi kwenye ngazi. "Nilijiambia kila mtu atashusha miguu," alisema. "Nisamehe, mama."

"Bado naitaka," Bi Nerina akamjibu. "Lakini ikiwa nzima."

Fundi mmoja wa skuta alikubali kuitengeneza, naye Ilario, kama malipo, akambandikia vigae vya sakafu ya karakana. Mpira uliokuwa ukivujisha mafuta ukabadilishwa, waya wa kengele ukaunganishwa. Ilario alibonyeza kitufe, akala chakula cha mchana na fundi, wakarudi wakaikuta skuta wima vilevile. Ndipo akamwuzia Bi Nerina. Kigari alichopata kilikuwa kikuukuu kuliko alichokitamani, lakini kilibeba saruji.

Siku ya kwanza Ilario alipompakia Delfina kwenye kigari hicho, alisimama langoni mwa shule. "Asante kwa kunizuia," alisema.

Bi Nerina alikuja uani na pai ya mboga, akawaita wote, akawakatia vipande, hata Bwana Tullio ambaye hakuthubutu kumtazama machoni.

"Mimi sina kinyongo na mtu," aliwaambia. "Lakini sikilizeni. Anayejua hatari akanyamaza, amesaidia kuniangusha, hata kama ana moyo mzuri. Mtoto huyu alisema, ndiyo maana leo wazee wangu wameoga na kula. Namshukuru."

Sasa ni zamu yako. Kuna jambo unalijua. Labda ni waya ulio wazi nyuma ya darasa lenu. Labda ni breki za baiskeli unayotaka kumwuzia rafiki yako. Kuna mtu hajui, na anakuja kesho. Funga kitabu hiki, inuka, ukamwambie leo hii.