Vumbi Jeusi la Gogo

Fundi cherehani alikuwa akishona sare za shule. Miguu ilikanyaga cherehani, mawazo yakiwa mbali. Mumewe, mlinzi wa msitu, alifariki mwaka jana. Bado mkewe alijikuta akipika chakula cha watu wawili.

Mumewe aliacha swali. Kwenye gogo lililoanguka kando ya njia ya msituni aliona vinundu vyeusi, vidogo kama vichwa vya pini.

"Hii ni kuvu," alikuwa akisema. "Lakini kuvu gani? Ipo siku nitaijua."

Siku hiyo hakuifikia. Mkewe alitamani sana kumtafutia jibu. Tena ilibidi afanye haraka, maana gogo lingeondolewa Ijumaa, njia ipanuliwe.

Jumatatu akaenda msituni, akabandua kipande cha gogo chenye vinundu. Akakisugua kwa brashi ya nguo, akakiosha kwa sabuni, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki. Utapelekaje uchafu kwa mtu wa ofisini? Jumatano akakipeleka kwa jirani yake, msichana anayefanya kazi kwenye maabara ya chuo.

Jirani akafungua mfuko. Ukungu wa kijani ulikuwa umetanda kila mahali.

"Shangazi, ulikiosha?"

"Nilikitakatisha, mwanangu. Kilikuwa na vumbi jeusi, kinachafua mikono."

Jirani akacheka kidogo. "Basi umemnyoa bwana harusi mpaka nyusi. Lile vumbi ndilo mbegu za kuvu. Tunaitambua kwa hizo. Na plastiki imefungia unyevu, ukungu mwingine ukapata makao."

Fundi cherehani akainamisha kichwa. Aliona amemwangusha marehemu.

"Gogo si bado lipo?" jirani akasema. "Rudi kesho. Usioshe, usisugue. Kata kipande na gome lake, ukiweke kwenye bahasha ya karatasi, kikauke. Juu yake andika tarehe, mahali, na ni mti gani."

Alhamisi akaenda. Alikaa juu ya gogo kwa muda mrefu kabla ya kutoa kisu. Mti wenyewe aliujua, mumewe alimtajia mara nyingi. Akakata kipande, akaandika yote, mikono myeusi tititi. Kesho yake gogo likaondolewa.

Jumatatu iliyofuata walikuwa maabarani. Jirani alikata kinundu kwa wembe, akachukua ukanda mwembamba sana, akauweka juu ya kioo, akadondoshea tone la maji. Akaufunika, akauweka chini ya hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho.

"Fumba jicho moja, shangazi. Zungusha hapa, polepole."

Mwanzoni kila kitu kilikuwa hafifu. Kisha zikajitokeza mbegu za kahawia, tele, zenye umbo la maharage. Kila moja ilikuwa na mstari ubavuni.

"Mstari huo unatuonyesha ukoo wake," jirani akasema. "Ni kuvu inayoozesha mbao ngumu mpaka ziwe udongo. Jina kamili nitakupa nikishapima mbegu na kulinganisha na kitabu."

Siku tatu baadaye jina lilipatikana. Bahasha ikawekwa kwenye kabati la chuo, wanafunzi wajifunzie.

Jina lilikuwa refu, la kigeni. Fundi cherehani alilirudia njia nzima ya kurudi nyumbani, lisimtoke. Alipofungua mlango wa nyumba yake akalisema kwa sauti, lote, bila kukosea. Kisha akaketi, akalia. Jibu analo, mwenye swali hayupo.