Vidole vya Byamungu

Usiniambie hukuiona. Uliiona picha ya watoto wa ndugu zako walioko ng'ambo, wamesimama kwenye theluji na sare zao za kitenge, nyuma yao nyumba kubwa imewashwa taa za Krismasi hadi kwenye bomba la moshi. Ukasema wamependeza. Ukabonyeza kile kimoyo chekundu, ukapita. Hukuitazama mikono yao. Hukujiuliza kwa nini mtoto asimame nje bila koti mahali ambapo ziwa zima hugeuka jiwe. Watu wazima nao hawakujiuliza, na hao ndio wanaoniudhi zaidi. Leo utatazama. Nitakusimulia habari za Byamungu, na hutageuza uso.

Byamungu alikuwa na miaka mitano. Dada yake, Rachelle, alikuwa na kumi na miwili. Waliishi na wazazi wao, Rigobert na Pascasie, katika fleti ya ghorofa ya pili huko Saint Louis Park, kando ya jiji la Minneapolis. Ni watu wa Kongo ya mashariki, lakini watoto wote wawili walizaliwa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na bibi yao yuko huko hadi leo. Walipofika Amerika walipewa mafunzo ya siku tatu. Walionyeshwa jinsi ya kuwasha jiko la umeme na jinsi ya kuwaita zimamoto. Baridi ilipewa nusu saa, tena mwezi wa Juni, watu wakitokwa na jasho. Mtu mmoja aliuliza, je, mtoto akigandishwa na baridi tufanye nini? Akaambiwa asiwatishe wageni. Nilikuwepo, sijasahau.

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kazi ya Rachelle ilikuwa kumvisha mdogo wake. Ilimchukua robo saa. Kwanza mafuta mazito usoni, kisha soksi mbili mbili, suruali juu ya suruali, koti, kofia ya kuziba masikio, na mwisho glavu nyeusi nene ambazo Byamungu alizichukia kwa sababu hakuweza kushika chochote akiwa amezivaa. Akimaliza kuvishwa alitembea kama gunia. Rachelle naye alikuwa amechoka kabla hata basi la shule halijafika.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, mama yao alikuwa akijiandaa kwenda Coon Rapids, kwenye nyumba ya kulelea wazee anakofanya kazi. Alisimama mlangoni, viatu mkononi.

"Rachelle, leo papa atawapeleka kupiga picha za bibi. Nguo nimezipiga pasi, ziko kitandani. Glavu za Byamungu zisitoke mkononi. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Nimesema zisitoke. Siyo 'ndiyo, mama' halafu unashika simu."

"Ndiyo, mama," Rachelle akasema tena, na simu ilikuwa mkononi.

Alasiri, Rigobert aliwapeleka watoto kwenye mtaa mmoja wa matajiri karibu na ziwa. Rigobert si mtu mbaya, na sitaki umfikirie hivyo. Tangu Novemba alikuwa akifunga maboksi ya zawadi za watu wengine kwenye ghala huko Plymouth, mpaka mikono yake ikanuka gundi. Alitaka kitu kimoja kizuri cha kumpelekea mama yake. Aliegesha gari mbali, mitaa miwili, maana karibu na nyumba zenye taa hapakuwa na nafasi. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, na upepo ulikuwa ukitoka ziwani.

"Simameni hapo," alisema, "nyumba ionekane yote. Makoti vueni. Bibi anataka kuona kitenge, hataki kuona makoti. Ni dakika moja tu."

"Papa, bibi akiuliza ni nyumba ya nani?" Rachelle aliuliza.

"Hatauliza. Cheka."

Walicheka. Akapiga picha mbili, simu ikazimika. Baridi kali hunyonya betri kama kupe. Rigobert aliitikisa, akaipulizia pumzi, wapi.

"Bon, haya. Vaeni makoti mnisubiri hapa. Naenda kuichaji garini, narudi sasa hivi."

Walivaa makoti. Kama wangekaa hivyo, nisingekuwa na hadithi ya kukuambia. Lakini Rachelle alikuwa na simu yake ya zamani, imepata joto mfukoni, betri imejaa. Na alikumbuka swali. Mwaka uliopita, bibi alimuuliza kwa simu ya Shangazi Vestine, anayeishi naye kambini: theluji inashikika mkononi, au inayeyuka kama mvua? Rachelle alishindwa kumweleza. Sasa angemwonyesha. Tena angempiku Natasha, msichana wa Kikenya wa darasani kwao, ambaye picha yake kwenye theluji ilisifiwa wiki nzima.

Alimvua Byamungu koti. Akamvua glavu. Akamjazia viganja vyote viwili theluji.

"Inua juu kidogo. Hivyo. Cheka."

"Yaya, inauma," alisema Byamungu. Yaya ndivyo Wakongo wanavyomwita dada au kaka mkubwa.

"Hii ni ya mwisho."

"Ile ulisema ni ya mwisho."

"Ile ulifumba macho."

Taa za nyumba ziliwaka zaidi kadiri giza lilivyoingia, na kila zilipowaka Rachelle aliona picha iliyopita haifai. Alimbadilisha upande. Akamwongezea theluji.

"Yaya, vidole vinauma."

"Nyamaza, Byamungu. Unataka bibi akuone unalia? Atasema mtoto wa Amerika amekuwa laini kama mkate."

Byamungu akanyamaza. Baada ya muda akasema, "Haviumi tena."

"Umeona?" alisema Rachelle, akafurahi.

Shika jambo hili vizuri, kwa sababu hakuna aliyemfundisha Rachelle na huenda na wewe hujafundishwa. Kwenye baridi kali, maumivu yakiisha ghafla, mwili haujazoea. Mwili umekata tamaa. Nyama inaanza kuganda na haiwezi tena kukuambia kitu.

Rigobert alipokuja akikimbia, Byamungu alikuwa amesharudishiwa koti na glavu. Alisema simu imegoma, wataongeza picha kesho. Aliwafikisha nyumbani, akawaacha mlangoni, akaondoka moja kwa moja kumchukua Pascasie. Kwenda na kurudi Coon Rapids ni saa nzima, theluji ikianguka ni zaidi.

Rachelle alimvua mdogo wake glavu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe, vyeupe kama mshumaa, na vigumu. Alivibonyeza, havikubonyea.

"Unasikia nikigusa?"

Byamungu alitikisa kichwa. Alikuwa akitazama katuni.

Rachelle alivisugua. Akavipulizia. Akamsogeza kwenye hita ya chuma chini ya dirisha, akamwambia aulaze mkono hapo mpaka upate joto. "Na usimwambie mama," alisema. "Ni siri yetu."

Mlango ukabishwa. Alikuwa Peris, jirani yao wa mlango wa pili, nesi kutoka Kenya, bado amevaa nguo za kazini, sahani imefunikwa kwa karatasi.

"Nimewaletea chapati. Mama yenu alisema atachelewa. Byamungu yuko wapi? Leo kumetulia hivi?"

"Amelala, anti."

"Hiyo redio isiyozimika imelala saa kumi na moja?"

"Alichoka."

Peris alimtazama kidogo, akampa sahani, akaenda zake. Rachelle alifunga mlango, akageuka. Byamungu alikuwa bado ameulaza mkono kwenye chuma, kimya, macho kwenye katuni. Ngozi ya kidole kimoja ilikuwa imeanza kutoa lengelenge. Hita ilikuwa inamuunguza na yeye hana habari.

Hapo Rachelle alielewa kwamba mambo haya yamemzidi. Alimwondoa mdogo wake kwenye hita. Alijua mama atasema nini, alijua papa ataonekanaje. Alivuka ukumbi, akabisha.

"Anti Peris, nimekudanganya. Hajalala."

Peris alipouona ule mkono, sura yake ilibadilika, lakini sauti haikubadilika. "Usilie saa hii, utalia baadaye. Umevisugua?"

"Kidogo."

"Usivisugue tena. Na hiyo hita usiiguse kabisa. Kidole kilichoganda hakijui moto, kitaungua hivyo hivyo."

Alijaza bakuli maji ya vuguvugu, ya kiasi cha kumwogeshea mtoto mchanga, akayapima kwa kiwiko. Vidole vilipoanza kupata uhai, Byamungu alilia kilio ambacho Rachelle hajakisahau.

"Mwache alie," alisema Peris. "Tunataka alie." Akampigia Rigobert simu, akauzungushia mkono kitambaa safi bila kuubana, akawapakia watoto garini kwake.

Wazazi waliwakuta hospitalini. Peris alikuwa amewashusha watoto mlangoni, bado anatafuta pa kuegesha gari. Daktari alisema atatafuta mkalimani wa simu, lakini mkalimani hakupatikana upesi, kwa hiyo Rachelle akawa mkalimani, kama alivyokuwa mkalimani benki, na shuleni, na kwa mwenye nyumba. Mtoto wa miaka kumi na miwili. Kila mtu amelizoea jambo hilo. Mimi bado.

Daktari aliuliza mikono ilikaa kwenye theluji muda gani.

Rigobert aliinama sikioni mwa binti yake, akaongea Kiswahili, taratibu. "Mwambie dakika tano. Tano, Rachelle, usiongeze. Wakisikia zaidi watasema tunawatesa ninyi watoto, watawachukua."

Rachelle alimtazama mama yake. Pascasie alikuwa amevaa sare ya kazini, koti halijafungwa, ameshika mguu wa Byamungu juu ya shuka. Daktari alisubiri, kalamu mkononi.

Rachelle alitoa simu mfukoni. Akamwambia daktari kwa Kiingereza, "Ni dakika ishirini na moja. Mimi ndiye niliyemvua glavu. Picha zina saa, hizi hapa."

Rigobert alielewa namba. Alikaa chini, akafunika uso.

Daktari alizipitia picha moja moja. Hakuitazama nyumba, wala taa, wala kitenge. Alikuza vidole, na katika picha ya kumi na nne aliviona vikianza kuwa vyeupe. Kisha akaeleza, polepole ili Rachelle awatafsirie wazazi: kuna dawa ya kufungua mishipa iliyoziba kwa kuganda, inayotakiwa kutolewa mapema, na ni dawa yenye hatari zake. Kwa dakika tano asingeitoa. Angemfunga bandeji na kumrudisha nyumbani. Kwa dakika ishirini na moja alitaka kuangalia mishipa sasa hivi. Aliiangalia, na Byamungu akapewa dawa jioni ile ile.

Mtu wa ustawi wa jamii alikuja kweli kesho yake. Aliuliza, akasikiliza, akaandika, akaondoka. Hakumchukua mtoto wa mtu. Pascasie alimpigia Shangazi Vestine mwenyewe, akamwomba ampe bibi simu, akamwambia kila kitu, hata kwamba nyumba ile ni ya watu wasiowajua. Bibi akauliza, "Mtoto anakula?"

Krismasi ilipita Byamungu akiwa na mkono uliofungwa mkubwa kama kichwa chake. Hawakwenda kanisani. Kwaya iliimba bila wao, na sikusikia mtu akiuliza walikokuwa. Jioni, Pascasie alimwita Rachelle jikoni, akafunga bomba lililokuwa likichuruzika.

"Sikukuita nikugombeze," alisema. "Mimi nilikua tukikimbia vita. Mama yangu aliniziba mdomo kwa kiganja ili tusisikike, na kwa kunyamaza tukapona. Kwa hiyo na mimi nimewafundisha kunyamaza. Nimewafundisha vibaya. Mtoto mdogo akikuambia inauma, anakupa habari. Isikilize. Na ukikosea, sema saa ile ile, hata kama utaaibika, hata kama papa mwenyewe amekuambia usiseme. Mdogo wako ana vidole kwa sababu ulisema."

"Nilichelewa, mama."

"Ulichelewa. Lakini ulisema."

Rigobert alikuwa mlangoni, amesikia. "Na mimi ndiye niliyesema makoti yavuliwe," alisema. "Ukisimulia habari hii, usiniruke."

Bandeji zilitolewa mwezi wa pili. Vidole viwili vilipona sawasawa. Cha tatu kilipoteza ukucha na ncha yake haisikii vizuri. Kitakuwa hivyo. Kila upepo ukivuma, Byamungu hukitia mdomoni.

Sasa ni zamu yako, wewe usiyewahi hata kuona theluji. Kuna mdogo wako, au mtoto wa jirani, aliyekuambia wiki hii kwamba sikio linamuuma, au kidonda kinanuka, au kuna mtu anamtisha akienda kisimani au dukani, na wewe ukamwambia nyamaza. Unamjua. Jina lake limekujia sasa hivi, usijifanye. Usisubiri kengele, usisubiri nyumbani pakae vizuri. Funga kitabu, inuka, mtafute mtu mzima anayesikia, umwambie yote, hata limeanza lini. Nenda.