Folda ya Adriano

Asubuhi ile Wilibrodi alikuta folda moja imezidi. Kompyuta yake ya mtumba, pale karakanani Milanzi, ilikuwa na folda moja kwa kila aina ya mtambo wa kujiendesha aliouza: mashine za kusaga, pampu za maji, viangulio vya vifaranga. Zote zilichota programu kutoka folda kuu iitwayo Pamoja, mlimokuwa na vipande vya kuwasha mota, kusubiri na kuzima. Sasa ndani ya Pamoja kulikuwa na folda nyingine, jina lake Adriano. Akaifuta. Alipogeuka kuchukua chai, ikawa imerudi.

Alijua sababu, mwizi huyu. Pamoja ilikuwa jasho la Adriano, mshirika wake aliyekufa kwa kifua mwaka uliopita. Soko huria lilikuwa limepamba moto, kila mwenye uwezo Sumbawanga akitaka mashine yake. Wilibrodi alifuta jina la marehemu kwenye kila faili, akaandika lake, kisha akamwambia mjane, Otilia, kwamba mumewe hakuacha kitu. Maiti haongei, alijisemea.

Saa sita mchana mashine ya kusaga ya kijiji cha Mpui ilizima yenyewe, ikakohoa mara tatu. Kesho yake, saa ileile, ikakohoa pampu ya Mwimbi. Siku ya tatu vikakohoa vyote, maana vyote vilipakuliwa kutoka chungu kimoja, Pamoja. Na kila vilipozima, pumzi ya Wilibrodi nayo ilikata, kifua kikagoma kupanda, karakana ikajaa harufu ya dawa ya kuchua aliyokuwa akipakwa Adriano kitandani, na nyuma ya kiti mtu asiyeonekana akahesabu polepole, siku ya kwanza hadi kumi, ya pili hadi ishirini, ya tatu hadi arobaini, ndipo pumzi ikarudi.

Alikimbilia kwa Mzee Masalu, mganga wa Kisukuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na huyo mwenzako mbona hasalimii?"

Wilibrodi alikuwa amekuja peke yake. Akaeleza yote kwa sauti ya chini, bila kuthubutu kugeuka.

"Nimfukuze aende wapi, na hiyo Pamoja ndiyo nyumba yake?" mganga alinong'ona. "Rudisha jina lake. Kisha nenda kwa mjane. Yeye ndiye wa kumfungua."

"Akikataa?"

"Kesho atahesabu hadi themanini. Wewe themanini utaziweza?"

Usiku kucha Wilibrodi alirudisha jina, faili moja baada ya jingine. Alipofika Mpui, alikoishi mjane, jua lilikuwa linakaribia utosini. Otilia alikuwa uani akipeta ulezi. Wilibrodi akapiga magoti.

"Shemeji, nilikudanganya. Kazi ile yote ni ya mumeo. Jina nimerudisha, na karakana chukua. Mwambie aniache."

"Msibani ulilia kuliko mimi," alisema Otilia, ungo ukiendelea. "Nikakuonea huruma."

"Nisamehe."

"Yeye alishakusamehe, Wili. Wiki iliyopita alikuja kuniaga, akanieleza ulichofanya, akasema anakwenda kupumzika." Otilia alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mimi ndiye niliyemwambia abaki."

Kule barabarani mashine ikazima. Nyuma ya Wilibrodi mtu akakohoa mara tatu, akaanza kuhesabu. Otilia alipeta ulezi wake, akihesabu taratibu pamoja na mumewe, na walipofika themanini hawakukoma.