Kilo Themanini na Moja

Kilo themanini na moja zilikosa mwenyewe.

Rubani alijumlisha tena mizani tatu zilizokaa chini ya magurudumu matatu ya ndege ndogo ya marehemu baba yao. Jibu lilikuwa lile lile: ndege tupu ilizidi uzito wa kitabuni.

"Umesahau spana ndani," alisema dada yake, ambaye nyumbani walimwita Karani kwa kuwa hakusahau tarehe ya mtu.

"Spana za kilo themanini, dada? Labda nimemsahau fundi mzima."

Karani hakucheka. Baba alimwachia yeye ile ndege. Bila uzito wa kweli na saini yake kitabuni isingeruka, na mdogo wake alitaka kuirusha kesho yake.

Akafungua kitabu cha ndege. Mmiliki wa kwanza, daktari, alianguka nayo shambani akafa. Ilipotengenezwa na kupimwa, ilikuwa imeongezeka kilo sabini. Wa pili, mwalimu, aligonga nguzo akafa. Sitini na sita. Kila mara fundi aliandika neno moja: marekebisho. Wa tatu alikuwa baba, naye alifia humo, na kadi yake ya kliniki Karani aliitunza mpaka leo. Uzito wake wa mwisho: themanini na moja.

"Mdogo wangu, hizi ni za baba."

"Baba tumemzika, dada." Sauti yake ilishuka. "Ingia uangalie nyuma ya viti. Mimi nasoma mizani."

Karani aliingia. Ulikuwa mchana mweupe, milango ya karakana wazi. Nyuma ya viti hapakuwa na kitu. Ndipo aliponusa mafuta ya nywele ya baba, na mlango ukajifunga kwa upole, kitasa kikagoma, na kiti cha pembeni kikalia kama kinavyolia mtu mzito anapojisogeza kumpisha mwenzake, huku mdogo wake akipiga kioo kwa nje na midomo yake ikisema maneno yasiyofika, naye Karani akajikuta ameketi, na mkanda ukapita taratibu kiunoni mwake, ukakazwa mara mbili, kama baba alivyokuwa akimfunga zamani, alipokuwa mtoto na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda.

Kisha kitasa kikalegea. Mdogo wake akamvuta nje.

"Sogea, dada, usiegemee ndege. Mizani bado inakusoma."

"Sijaegemea."

Walitazama pamoja. Kilo hamsini na nane zaidi. Uzito wake.

"Yule fundi mzee aliyeitengeneza alituambia," rubani alinong'ona. "Ina jini. Halimwachi mtu wake."

Pembeni palikuwa na mizani ndogo ya mizigo. Karani akapanda. Mshale haukutikisika. Akashuka, akapanda tena kwa miguu yote miwili. Sifuri.

Rubani alishika kalamu. "Niandike nini? Marekebisho?"

"Andika ilivyo," Karani alijibu. "Na wewe usipande."

Midomo yake ilifunguka pale pale, mbele ya mdogo wake. Lakini sauti yake waliisikia wote wawili ikitoka ndani ya ndege, nyuma ya kioo.