Usitingizike

Picha aliyoitoa Ghislain kwenye beseni la dawa ya kusafishia picha ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Kwa miezi alikuwa akiiwinda galaksi ya Andromeda kwa kamera kuukuu aliyoifunga juu ya mbao mbili zenye bawaba, akizungusha parafujo kwa mkono ili afuate mwendo wa mbingu, na kila mara nyota zilitoka zimevutika kama mistari. Kiwanda cha shaba cha Shituru kilikuwa kimezimika, na bila taa zake anga lilikuwa jeusi ajabu. Kilichomshinda ni mkono wake tu. Safari hii alisinzia, parafujo haikuguswa, na bado kila nyota ilikuwa nukta safi.

Ndipo akakumbuka. Kwa mazoea ya studio yake ya picha, alipofungua kamera aliiambia mbingu yale anayowaambia wateja wa picha za vitambulisho ili wasitikisike: "Angaria hapa. Usitingizike."

Kitu huko juu kilimtii, kikamtazama.

Bintiye Joëlle, aliyekuwa ameketi kando yake uani, naye alikuwa amesikia. Tangu hapo alikula polepole, kisha hakula, macho hayakupepesa. Mchana kweupe ua ulinuka siki ya chumba cha kusafishia picha. Mkewe Clémentine alimwita Mama Mbombo wa kikundi cha sala, naye akamnong'oneza Ghislain, "Weye njo ulimuita. Muambie aende, vile unaambiaka ba-clients."

Ghislain alikubali. Lakini tamaa yake ilitaka kwanza picha moja ya mwisho, kwa hiyo usiku alimlaza mtoto mkekani, akafungua kamera, na ile siki ikashuka kutoka juu pamoja na pumzi ya baridi, na Joëlle akanong'ona, "Papa, iko karibu," naye akasikia na hakuifunga kamera, kwa sababu maishani mwake hakuwahi kuona nuru kama ile, mpaka kiganja cha mtoto kikawa baridi mkononi mwake.

"C'est bon," akasema, kama anavyowaaga wateja wakishapigwa picha. "Unaweza kuenda."

Nyota zikaanza kusogea. Joëlle akapepesa macho, akashusha pumzi, akaenda.

Baada ya maziko aliisafisha filamu ile. Galaksi ilitoka na mikono yake yote. Gizani, nyuma ya shingo yake, sauti ya Joëlle ikasema, "Papa, angaria hapa. Usitingizike."

Asubuhi Clémentine alimkuta amesimama mbele ya beseni lenye picha ya usiku ule, macho wazi, anapumua. Maneno ya kumfungua, yale ya kuwaaga wateja, aliyajua. Akafunga mlango, akaenda sokoni.