Gari la Lorne Lisilotaka Kusimama

Jua la Januari lilikuwa linazama, na Sonia Hnatiuk bado ameinamia injini ya gari la shemeji yake, akiitukana. Gari la dizeli, gia otomatiki, na ugonjwa wake hauonekani. Chujio alishabadilisha. Nozeli za kupulizia mafuta alizipima moja moja, zote nzima. Likiwashwa bila kutembea pale gereji lilinguruma kwa utulivu kama paka aliyeshiba.

Lakini Lorne, mume wa mdogo wake, aliapa kwamba barabarani likisimama tu linatetemeka na kutaka kuzima. Na jioni hiyo halikutakiwa kuzima. Pauline, huyo mdogo wake, alikuwa nyumbani ameshikwa na uchungu wa kuzaa tangu mchana. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama kwenye theluji, na pikapu ya Sonia imelala gerejini bila gia boksi. Katika baridi ya Saskatchewan, dizeli ikizima porini haiwaki tena, na aliyemo ndani huokotwa kesho yake amekauka.

Sonia akataka aonyeshwe linapotetemekea. Lorne akajiumauma, kisha akasema ni kwenye njia panda ya ghala la ngano. Siku hizi yeye hupita pale bila kusimama.

"Fundi gani atapima gari kwa kulikimbiza?" Sonia alimsuta. "Ingia. Na njia ya hospitali ni hiyo hiyo. Tulipime kwanza, ndipo tumchukue Pauline."

Njia panda ilikuwa tupu. Upepo, theluji, na ghala refu limesimama gizani. Sonia akakanyaga breki, gia akaiacha kwenye D, ya kwendea.

Mshale wa mizunguko ya injini ukaporomoka.

Usukani ukaanza kumtetemekea mikononi. Kioo cha kutazamia nyuma kikagongagonga. Akarudisha gia kwenye P, ya kuegeshea, na injini haikupata nafuu. Ilikuwa inavuta mzigo, kana kwamba mtu amelishika gari kwa nyuma. Kisha akasikia kucha kwenye bati.

Kwaru... kwaru...

Mwanamke alikuwa amesimama kando ya mlango wa nyuma, hana koti wala kofia, nywele zimeganda barafu.

Watu wa nyanda zile wanaweza kununiana miaka, lakini wakati wa baridi hakuna anayempita mtu wa miguu. Hiyo wameinyonya kwa mama zao. Kidole cha Sonia kilibonyeza kitasa kabla kichwa hakijawaza.

"Usifungue, shem," Lorne alinong'ona.

Keshafungua.

"Nilimgonga mwezi wa kumi na moja," Lorne alisema, machozi yanamtoka. "Nilikuwa nimelewa. Akainuka, akashika mlango, anataka nimbebe... Nikampiga vidole kwa spana ya magurudumu mpaka akaachia. Nikamwacha pale."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Harufu ya damu na sufu iliyolowa ikajaa ndani. Springi za nyuma zikalia, gari likainama. Kwenye kioo Sonia hakuona mtu.

Ila mikono aliiona. Ilitokea nyuma ya kiti cha Lorne, ya bluu, vidole vimepinda kinyume, ikamshika taya. Taya likavunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Ikampigiza dirishani mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kioo kikageuka chekundu. Lorne akapiga ukelele usio na maneno. Sonia alimkumbatia kiunoni na kuvuta kwa nguvu zake zote, lakini mkanda ulikatika, na shemeji yake akaburutwa juu ya kiti, akirusharusha miguu, hadi nje kwenye theluji.

Huko nje chuma kikaanza kugonga mfupa.

Kah... kah... kah...

Sonia aliziba masikio. Alipoyazibua, injini ilikuwa imetulia. Akashuka. Lorne alilala chali, uso haupo tena, na vidole vyote vya mikono yake vimesagwa.  Sonia alimhurumia, akamchukia, vyote kwa pamoja. Hapakuwa na nyayo za mtu mwingine.

Mfu hana haraka, mzazi anayo. Akafunga milango yote, akageuza gari kwenda kwa Pauline, na njia nzima dizeli iliimba vizuri. Akajiambia deni la damu limekwisha kulipwa, sasa ni hospitali tu. Atazunguka kwa barabara ya kusini, asiione tena njia panda ile.

Mbele ya nyumba alisimama bila kuzima injini. Mshale ukashuka kidogo. Akajidai hakuuona.

Pauline alitoka ameinama, mkono mmoja ukutani, akafungua mlango wa nyuma ili ajilaze. Akakunja uso.

"Lorne, sogea basi, unaona hali yangu."

Akajibana pembeni mwa kiti kitupu. Springi zikalia. Usukani ukaanza kutetemeka, mara hii kwa nguvu kuliko pale njia panda, na harufu ya sufu mbichi ikamfikia Sonia puani.

"Dada," Pauline alinong'ona, "huyu mama aliyekuja na Lorne ni nani? Mwambie aniondolee mikono tumboni. Ya baridi."

Sonia akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikakohoa, ikazima.