Gurudumu la Mimoun

Gurudumu lililoning'inia nyuma ya duka la baiskeli la Fundi Assou halikuwa na vumbi. Kila kitu kingine dukani humo, pale mjini Khenifra, kilikuwa kimevaa vumbi la miaka, hata redio. Haddou aliliona hilo akalipuuza, maana alikuwa na haraka.

Ringi yake ya nyuma ilikuwa imepasukia kwenye shimo la barabara ya Azrou, na mbio za uteuzi wa timu zilikuwa zimebakiza siku tisa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Asipochaguliwa safari hii, ndiyo basi, atarudi kubeba mifuko ya saruji kwa shemeji yake, na shemeji huyo alikuwa hana staha. Baiskeli aliyokuwa nayo ni moja tu, kwa hiyo alitaka gurudumu la kufanyia mazoezi na kushindania lile lile. Assou akamletea la spoki thelathini na sita, gumu, lisiloogopa shimo. Haddou akalipima mkononi akasema kwa uzito huo atafika kileleni siku ya arobaini yake. Akaletewa la spoki ishirini, jepesi kama sahani ya bati, na fundi mwenyewe akakiri kwamba kwa barabara zile haliioni Alhamisi.

"Na lile kule nyuma?" Haddou akauliza.

Fundi hakugeuka kulitazama. "Lile unalijua kuliko mimi."

Alilijua. Spoki ishirini na nane, Assou alizifuma kwa mkono, jepesi na imara kwa pamoja. Lilikuwa la Mimoun, mwenzake wa timu. Miaka sita nyuma, katikati ya mbio, juu kwenye kilele cha mlima wa Tizi, Haddou alipata pancha, na Mimoun akashuka akamvulia gurudumu lake, kama ilivyo ada ya waendesha baiskeli wa huko. Ada hiyo ina upande wa pili: aliyepewa hulirudisha siku ile ile, mkononi mwa mwenyewe, na mpaka lirudi, wote wawili hawali kitu. Haddou alishinda. Wakamchinjia kondoo, akala, akacheka, na huku nje theluji ikaanza kuanguka. Hakuna aliyekumbuka kurudi kileleni. Kesho yake walimkuta Mimoun amekaa kando ya barabara, amekufa kwa baridi, mkono mmoja juu kama mtu anayesimamisha gari. Mama yake alikataa kulipokea gurudumu. Alisema Mimoun mwenyewe atakuja kulichukua, basi likabaki kwa Assou.

"Nikishachaguliwa nalipeleka kule kule juu, fundi. Haki ya Mungu."

"Lipeleke leo. Ukilitumia, utakuwa umelikopa mara ya pili."

Haddou akalichukua.

Siku ya tatu, adhuhuri, mkewe Itto alikuwa akikanda unga aliposikia friwili ya gurudumu la nyuma ikilia ukumbini, tak-tak-tak, akadhani mumewe amerudi. Kumbe Haddou amelala chumbani. Baiskeli imeegemezwa ukutani, na gurudumu la nyuma linazunguka peke yake, polepole, na ukumbi mzima unanuka sufu mbichi ya kondoo na theluji, mwezi wa Julai. Tangu siku hiyo kila chakula kilichotengwa mbele ya Haddou kilipoa kabla hajanyoosha mkono, na mafuta yakaganda juu ya mchuzi uliokuwa ukitoka moshi sasa hivi.

Itto akamwita shehe. Shehe akafukiza harmali, mbegu za kufukuzia majini, akasoma mpaka sauti ikamkauka, na gurudumu halikusimama.

"Mimoun alizikwa, amepumzika," akanong'ona. "Huyu ni jini wa Tizi. Alimkuta pale akingoja, akavaa sura yake. Hataki damu wala ubani. Anataka alichoahidiwa. Mpe leo."

"Jumapili, shehe. Baada ya mbio."

"Mpe, Haddou," Itto akasema, machozi yakimtoka. "Saruji haijakuua."

Jumapili Haddou aliwaacha wote kwenye mlima wa Tizi, miguu haina uzito, na jua likiwaka utosini akaanza kusikia nyuma yake friwili ya pili, tak-tak-tak, akageuka asione mtu, akaongeza kasi nayo ikaongeza, harufu ya sufu mbichi ikamjaa puani, jasho likawa baridi mgongoni, mpaka pale kileleni, kando ya barabara, akamwona mtu amesimama na baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma, mkono mmoja juu, nyusi zimejaa theluji.

"Nimepata pancha, ndugu yangu. Nivulie lako. Ningoje hapa, nalirudisha kabla hujala."

Haddou akashuka, akamvulia.

Watu wa mbio walimkuta pale pale, wakamrudisha nyumbani jioni ile. Sasa ni siku ya tano amekaa mlangoni, mkono juu, na mkate hagusi. Anasema mwenzake yuko njiani, watakula pamoja. Leo asubuhi Itto alikimbia dukani, akalikuta gurudumu kwenye ndoano ya Assou, halina vumbi. Akalibeba mbio mpaka nyumbani, akapiga magoti, akamwekea mumewe mkononi.

"Limerudi, mume wangu. Sasa kula."

Haddou akalitazama, akalilaza chini taratibu, akainua mkono tena.

"Hilo la Mimoun," akasema. "Mimi nangoja langu."